Tales from Topographic Oceans au Close to the Edge: anaeanza na Yes ashike ipi?

Mwezi huu swali hili nshaulizwa mara tatu, na mara ya mwisho kaniuliza mtoto wa dada yangu, yuko skuli ya sekondari hapa mjini, kaanza kupiga gitaa na mashaallah mkono wake mzuri, kaniambia "Mjomba, hawa Yes nianze na ile albamu fupi wanayoisifu wote au ile ndefu wanayogombania watu?" Nikamwambia ngoja ntakuandikia, maana ukimjibu mtu kwa neno moja hapo unaweza kumuharibia, akashika ile isiyomfaa siku isiyofaa akaona roki yote ya namna hii ni makelele tu akaiwacha moja kwa moja. Nshawaona wengi waliopotea hivo.

Basi hii ndo barua yake, na kwa vile wengine wanauliza lilelile naiweka hapa wazi.

Yes ni bendi ya Uingereza, roki ya progresivu, yaani ile roki iliyokataa kumaliza wimbo kwa dakika tatu, inachukua vya orkestra, vya jazi, vya kanisani, mapigo yanageuka katikati ya wimbo na wimbo unakwenda unarudi. Ile fupi ni Close to the Edge, imetoka Septemba 1972, nyimbo tatu tu, wimbo wenye jina la albamu umekamata upande mzima wa santuri dakika 18 na ushei, na zote pamoja ni kama dakika 38. Ile ndefu ni Tales from Topographic Oceans, imetoka Disemba 1973, santuri mbili, pande nne, na kila upande wimbo mmoja, basi. Nyimbo nne dakika 80 na kitu. Close to the Edge nnaweza kusema sijamkuta mpenzi wa bendi hii anaeitukana, wengi wanaiweka ya kwanza au ya pili. Tales ikaingia namba 1 Uingereza na namba 6 Marekani, ikauzwa vizuri sana, na mpaka leo miaka zaidi ya 50 watu hawajaafikiana kama ndo kilele chao au ndo walipopotea njia. Na aliekuwa mbele kuipinga si mtu wa nje, ni mpiga kinanda wao wenyewe, Rick Wakeman.

Hapo inabidi nieleze kidogo ilivyozaliwa kwa sababu ugomvi wote umeanzia hapo. Mwanzoni mwa 1973 Jon Anderson, muimbaji, yuko Tokyo na bendi wako kwenye ziara, anasoma kitabu cha maisha ya yogi mmoja wa Kihindi, Paramahansa Yogananda, akakuta tanbihi chini ya ukurasa, maelezo marefu ya maandiko manne ya Kihindu. Ile tanbihi ikamshika. Manne yale ndo zikawa pande nne za santuri. Akakaa na Steve Howe mpiga gitaa, usiku baada ya shoo wako hotelini wanapanga, mpaka ramani nzima ikawa tayari, wengine wakaja kuletewa kazi ishachorwa. Wakaingia studio za Morgan pale London. Anderson alikuwa akitaka hali ya shamba, basi yakaletwa marobota ya majani makavu na ng'ombe wa kukatwa kwa ubao wakasimamishwa mle ndani ya studio, wallahi si hadithi, wenyewe wamesimulia. Wakeman yeye hayo ya kiroho hayakumuingia, na studio ya pili palepale walikuwapo bendi ya Black Sabbath wanarekodi, akawa anakwenda kwao, na mpaka kwenye albamu yao kapiga kinanda wimbo mmoja.

Hoja yake Wakeman ni hii, na ndo hoja ya wote wanaoipinga Tales hata kama hawajui kuwa ni ya kwake: vitu vilikuwepo vingi vya kutosha santuri moja na kubaki, lakini havikufika santuri mbili, na santuri ya wakati ule huwezi kutoa moja na nusu, basi wakajazia. Akachoka nayo mpaka kwenye shoo moja Manchester akaletewa kari akala palepale kwenye vinanda wenzake wanaendelea kupiga. Mwaka 1974 akatoka kwenye bendi. Akarudi baadae, lakini maneno yake hakuyafuta.

Sasa wapenzi wenyewe wanasemaje. Kuna wanaosema kama Wakeman, mna dakika 40 za dhahabu na dakika 40 za mchanga. Hawa wengi ni watu walioipenda sana Close to the Edge na walikuwa wakitaka nyingine kama ile, wakapewa bahari. Nawaelewa. Wapo wengine wanaosema hakuna cha kukata, ukikata kitu pale umeharibu, maana kila sauti inayorudi upande wa nne ulishaiona upande wa kwanza na wa pili, na mtu akisikiliza vipande vipande ni kama kusoma barua umeruka kurasa. Na kuna wa katikati, nao nahisi ndo wengi, wanaosema sikiliza upande wa kwanza na wa nne, kutoka wa tatu chukua kile kipande cha mwisho cha gitaa kavu, wa pili uwache mpaka siku nyingine. Na bendi nao ni kama waliwaunga mkono hawa, maana kwenye ziara za 2016 na 2017 walipoirudisha albamu hii jukwaani walipiga upande wa kwanza, wa nne, na kile kipande cha gitaa cha wa tatu.

Mie? Mie niko na wanaosema usikate. Lakini sikuanzia huko na sitaki kumdanganya mtoto wa dada yangu kwamba itampendeza siku ya kwanza.

Kanda ya Tales niliipata kwa ammi yangu aliekuwa baharia, kanda ya dakika 90, ile ambayo kila upande ni dakika 45. Na hesabu ilikaa sawa kabisa: upande wa kwanza na wa pili wa santuri vinaingia upande A vinabaki dakika nne tupu, wa tatu na wa nne vinaingia upande B. Close to the Edge alikuwa nayo kwenye kanda nyengine, hiyo niliipenda siku ileile. Tales niliisikiliza mara mbili nikaitupa droo ya kabati miaka. Sasa wanaokaa Unguja wanakumbuka umeme ulivyokatika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari umeharibika, mji mzima majenereta na mishumaa. Mie nyumbani kwangu jenereta sina. Nlikuwa na redio kaseti ya betri kubwa, na jioni baada ya Isha hakuna televisheni, hakuna feni, joto lile la kaskazi mnalijua, nakaa ukumbini mlango wazi na kanda mbili tatu. Tales ikaingia hapo. Si kwa sababu niliamua kuipa nafasi, ni kwa sababu ilikuwa ndo ndefu, hulazimiki kuinuka kila mara kugeuza kwenye giza. Wiki ya kwanza ilikuwa sauti tu ya kuniondolea upweke. Wiki ya pili nikaanza kusema mbona hiki nshakisikia, nikarudisha nyuma, kumbe ile sauti ya gitaa iliyopita dakika chache mwanzoni imerudi dakika ya 60 imevaa nguo nyengine. Betri zilipokuwa zinakufa kanda inakwenda polepole, upande wa pili ukawa mzito kama maji ya kina kirefu, na nakwambia hivohivo ulikuwa mzuri, mpaka leo nikiusikia kwa mwendo wake wa sawa nahisi wamekimbia.

Kwa hio nnapolinganisha hizi mbili silinganishi ipi bora. Nalinganisha zinataka nini kutoka kwako.

Close to the Edge haitaki kitu, inakuchukua. Inaanza na ndege na maji, sauti taratibu kama uko pembezoni mwa mto alfajiri, halafu ghafla gitaa la Howe linaruka kama mtu kapigwa na umeme, besi ya Chris Squire inapanda na kushuka kwa kasi, dramu za Bill Bruford zinakata pale usipotegemea, na kila baada ya muda wote wananyamaza kwa pamoja kwa sauti moja fupi ya kuimba halafu wanaendelea. Mara ya kwanza unafikiri ni fujo. Ukisikiliza tena unaona hapana, kila kitu kimepimwa. Katikati wanapoa, sauti zinapishana polepole, halafu inaingia ogani ya kanisa, na ile ni ogani ya kanisa kweli, walikwenda kuirekodi St Giles pale London, inajaza chumba kizima, na kutoka hapo mpaka mwisho hakuna sehemu ya kushika pumzi. Upande wa pili una nyimbo mbili, And You and I ambayo ni ya upole dakika kumi hivi, huo mpe hata mtu asiependa roki atakwambia rudia, na Siberian Khatru ambao mpiga gitaa yeyote anaejifunza akae nao mwezi. Dakika 38 zimekwisha na hujaangalia saa.

Siku moja nilimuwekea albamu hizi mjomba wangu, mkubwa huyo, anapiga fidla taarabu ya asili toka ujana wake, nilitaka kusikia sikio lake linasemaje. Close to the Edge aliisikiliza kwa makini sana, mkono wake wa kushoto unatembea kwenye paja kama anatafuta noti. Ilipomalizika kasema "Hawa mafundi. Lakini mbona hawamuachi mtu apumue?" Tales nikamuwekea siku ya pili, upande wa kwanza tu. Akafumba macho, nikadhani kalala. Dakika kama ya kumi kasema bila kufumbua, "Huyu wa besi ndo anaeimba, yule mwengine anamfuata." Na kweli ukimsikiliza Squire kwenye Tales besi yake inaimba wimbo wake peke yake, hasa upande wa nne.

Hapo ndo nikafahamu kitu ambacho wapenzi wa Ulaya wakigombana huwa hawakisemi, kwa sababu kwao wimbo mrefu ni jambo la kushangaza. Kwetu sie si la kushangaza hata kidogo. Marehemu bibi yangu alikuwa na kanda za Umm Kulthum, wimbo mmoja saa nzima, na hakuna mtu nyumbani aliesema huu mrefu. Taarabu ya asili, ukenda kuwasikiliza Ikhwani Safaa, kikundi cha toka 1905, wanafungua na bashraf, vyombo vitupu hakuna muimbaji, qanuni na udi na fidla wanazunguka, na hakuna anaeuliza muimbaji yuko wapi. Muimbaji akiingia ubeti mmoja anaweza kuurudia mara nne tano, na kwa nini anaurudia? Kwa sababu kuna mwanamke kainuka kutoka kiti cha nyuma anakuja kutunza, neno lile limemgusa yeye, pesa anaipeperusha juu hivi ukumbi wote umuone, na muimbaji hawezi kuondoka hapo mpaka amridhishe. Marudio yale yana mwenyewe.

Sasa Tales nayo inarudia, inazunguka, inakaa mahala pamoja dakika tano, lakini hakuna anaetunza. Hakuna ukumbi. Imefanywa studio na watu watano, mmoja hataki. Kwa hio ule ukumbi inabidi uulete wee msikilizaji, wee ndo uinuke kutoka kiti cha nyuma. Ukikaa ukisubiri ikufanyie kila kitu utachoka kama alivyochoka Wakeman, na ukiingia nayo ukachagua mahala pako pa kukugusa, basi marudio yote yanapata maana kwa sababu unaisubiri sehemu yako irudi. Mie sehemu yangu iko upande wa kwanza, baada ya ule mwanzo wa kuimba kama dua, sauti zinaongezeka moja baada ya moja mpaka bendi nzima inafunguka, na sauti ileile inarudi karibu na mwisho. Kila nikiisubiri inanipa baridi mwilini.

Nikueleze pande zenyewe basi, lakini si kwa usawa kwa sababu hazilingani.

Upande wa kwanza, The Revealing Science of God, ndo wenye nyimbo nyingi za kushika, ukipenda huu peke yake ushafaidi. Wakeman pamoja na manung'uniko yake yote kapiga humu solo moja ya sintesaiza karibu na mwisho ambayo ni katika vitu vizuri alivyowahi kupiga na bendi hii, na hilo mie naliona ni hoja kubwa kuliko ile kari ya Manchester, maana mkono haukudanganya. Upande wa pili, The Remembering, ndo ulioleta ugomvi wote, ni mtulivu, melotroni, kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye utepe, inatanda kama ukungu asubuhi kwenye maji, inakuja inakwenda, hakuna mahala pa kuruka. Wanaosema kujazia wanasema huu. Kwenye ziara ya 1974 bendi wenyewe waliuwacha kuupiga njiani. Mie nnaupenda lakini mtu akiniambia hauwezi simlazimishi. Wa tatu, The Ancient, ni mkali, gitaa la Howe linalia kama chuma, dramu zinapiga zisivyopiga roki, na mahala Anderson anataja jina la jua kwa lugha kadha wa kadha, ukitega sikio mna neno lililo karibu kabisa na shams ya Kiarabu, nilipolisikia mara ya kwanza nilirudisha nyuma mara tatu. Dakika 12 za mwanzo ngumu, halafu kila kitu kinanyamaza linabaki gitaa kavu la nailoni na sauti, na hapo hata wanaochukia albamu nzima wanalegea.

Wa nne, Ritual, nusu ya jina lake ni Kifaransa, maana yake sisi ni wa jua. Huu ndo unaolipa deni la pande zote tatu. Squire anashika besi kama gitaa anaimba nayo, halafu inakuja ngoma, ngoma tupu, inapanda mpaka inakuwa vita kabisa, na kutoka kwenye ile vita inatoka sauti ya upole ya mapenzi imekaa juu ya kinanda. Ukiufikia umepita mote unalia. Ukiusikiliza peke yake utasema mzuri, basi.

Kuhusu dramu nizungumze kidogo maana wapigaji wanachagua kwa hilo. Close to the Edge ni Bruford, mkavu, mwembamba, anahesabu, kila pigo linakaa pembeni kidogo ya unapolitarajia, na baada ya kurekodi tu akaondoka kwenda bendi ya King Crimson. Tales ni Alan White, aliekuwa kapiga na John Lennon, ana uzito, anabeba, anasukuma bendi kutoka nyuma. Ukimpenda Bruford kupita kiasi Tales itakukera kuanzia dakika ya kwanza, si kosa la nyimbo, ni mkono tofauti. Mie nnaona kwa muziki wa urefu ule White ndo sawa, Bruford angeukatakata.

Kuna na la mahala pa kusikilizia, na hili watu wanalidharau. Close to the Edge unaweza kuisikiliza ndani ya daladala toka Darajani mpaka ufike kwako shamba, haina neno, ina nguvu ya kushinda injini na makelele ya utingo. Tales ndani ya daladala ni kuidhulumu. Mahala pake ni usiku umetulia, au boti. Mie nimeijaribu kwenye boti ya kwenda Dar mara nyingi, unaanza kubonyeza pale boti inapoiacha bandari ya Malindi hapa Unguja, nje juu si ndani kwenye kiyoyozi, na safari ni kama saa mbili hivi, basi ngoma za upande wa nne zinakukuta bara inaanza kuonekana. Kwa wa Pemba wenye safari ndefu zaidi wana nafasi ya mote na kurudia wa kwanza. Tena ishushe kwenye simu kabla, usitegemee mtandao katikati ya bahari, utakukatikia upande wa pili na ndo hutourudia tena maishani.

Na toleo gani? Tales ina matoleo na si yote sawa. La zamani linaanza moja kwa moja na kuimba. Lile la 2003 limerudishiwa utangulizi wa dakika kama mbili mbele ya upande wa kwanza, sauti za maji na mawimbi na vyombo vinaamka taratibu, mie nnaupenda ule utangulizi kwa sababu unakukalisha kitako kabla hawajaanza, na mtu wa bashraf atauelewa palepale. Halafu 2016 Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza, kaichanganya upya, yaani kapanga upya sauti za vyombo kutoka rekodi zilezile, na hii ndo nampa anaeanza, kwa sababu malalamiko mengi ya zamani kwamba albamu ina ukungu, vyombo vimezamiana, nusu yake yalikuwa malalamiko ya uchanganyaji. Kwa Wilson unasikia kidole cha Squire kwenye waya. Wapo wazee hawaitaki, wamezoea ule ukungu, na mie kanda yangu ya betri nimeizoea pia, lakini mtoto wa leo mpe iliyo wazi. Close to the Edge nayo Wilson kaifanya, ni nzuri, ila ile ya kwanza haikuwa na tatizo, chukua yoyote.

Kuna wanaosema ziwache zote mbili uanze na Relayer ya 1974, ile waliyofanya baada ya Wakeman kuondoka na Patrick Moraz wa Uswisi akashika vinanda. Nzuri sana, kali, ina wimbo wa vita dakika 22. Lakini kuanzia hapo ni kama kumfunza mtu kuogelea siku ya upepo wa kusi. Baadae.

Basi, mtoto wa dada, kwako wee. Unapiga gitaa, una haraka ya miaka 17, bando lako ni la wiki. Anza na Close to the Edge, tena anza na And You and I halafu ndo uufungue ule mrefu, ukae nayo wiki mbili tatu mpaka ile sehemu ya ogani uiimbe bila kuisikiliza. Usiguse Tales kabla. Ukishaizoea, chagua usiku mmoja umeme uko au haupo, sikiliza upande wa kwanza peke yake, toleo la Wilson, mara tatu siku tatu tofauti. Ukiona hapana, basi hapana, utakuwa upande wa Wakeman na hapo upo na watu wazima wenye akili zao. Ukiona kuna sehemu unaisubiri irudi, nenda wa nne, halafu lile gitaa la mwisho wa tatu, na wa pili uje mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Lakini nyie wengine mlioniuliza, yule dada anaecheza udi na yule bwana wa Wete aliekulia na kanda za Kimasri, nyie msipitie huko. Nyie anzeni na Tales moja kwa moja, toka mwanzo, na utangulizi wake wa mawimbi. Dakika 80 nyie hamtozihisi, masikio yenu yashafunzwa zamani na waliowalea. Close to the Edge itawajia baadae na mtaiona kama kijana mwenye mbio, mzuri, anapita mlangoni anasalimia na kwenda zake.

Mjomba wangu wa fidla mpaka sasa hajausikia upande wa nne. Nimemuahidi Ijumaa baada ya Isha, barzani kwake, nnakwenda na spika ndogo na betri zake nimeshazijaza.